Hesabu Miendo Kabla ya Mota: Kuongoza kwa Redio Boti za Mfano Zenye Trasta Nyingi



Nianze kwa kukiri kosa. Boti yangu ya kwanza yenye trasta nyingi, yaani mota zenye propela, ilikuwa pantoni ya plaiwudi, bapa, omo huku na omo kule, na mota nne, moja kila pembe. Nilikwenda kutafuta rimoti na hesabu rahisi kichwani: mota nne, chaneli nne, kila kidole gumba kishike mota mbili. Ndani ya bwawa ikazunguka kama pia. Kila nilipotaka isogee kando ilinibidi niwaze mota nne kwa mpigo, na kabla sijamaliza kuwaza ubavu umeshagonga ukuta.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu mota. Chombo kinachoelea kina miendo mitatu tu ya kuongozwa: mbele na nyuma, kushoto na kulia bila kugeuka, na kuzunguka palepale. (Kupanda na kushuka tuyaachie mawimbi, nyambizi ni mada ya siku nyingine.) Uwe na trasta mbili au nane, vidole vyako vinahitaji kuagiza miendo hiyo mitatu. Kinachobaki ni swali moja: nani agawe agizo lako kwa mota? Vidole vyenyewe, rimoti, au bodi ya elektroniki ndani ya boti?

Kwa mota mbili za tezi, vidole vinaweza. Kijiti cha kushoto mota ya kushoto, cha kulia mota ya kulia, kama tingatinga. Hapa kuna mtego: rimoti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ndege, na kijiti kimoja hakina springi ya kukirudisha katikati. Ukikiachia, mota inaendelea kusukuma. Ifungue, weka springi, ndipo uitumie kwa mota zinazokwenda mbele na nyuma. Kama hutaki kuongoza kwa mtindo wa tingatinga, tumia mchanganyo uliomo ndani ya rimoti. FlySky FS-i6, yenye chaneli sita, ina mchanganyo wa ndege zisizo na mkia unaoitwa elevoni. Ndege hatuna, lakini hesabu ni ileile: mota ya kushoto inapata mbele jumlisha kugeuka, ya kulia inapata mbele toa kugeuka.

Ukiongeza trasta ya omo, ile inayosukuma kando, ipe chaneli yake na uiache huru. Nimeona watu wakiichanganya na usukani. Matokeo yake omo inatapatapa boti ikienda kasi, wakati ambapo trasta hiyo haina kazi yoyote.

Tagi, zile boti za kuvuta meli, ndizo zenye utamu. Tagi nyingi za kisasa zina trasta mbili zinazozunguka digrii 360, mtambo ambao Schottel ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 1950. Kila trasta inahitaji mwelekeo na kasi, yaani vitu vinne, na vijiti viwili vya rimoti vina mihimili minne. Kwa hiyo kila kijiti kiwe trasta moja: upande unaokisukumia ndio mwelekeo wa msukumo, na umbali kutoka katikati ndio kasi. Rimoti ya kawaida haifanyi hesabu hiyo. Inahitaji bodi ndogo kama Arduino kati ya risiva na sevo zinazogeuza trasta. Katika programu, usisahau kwamba kijiti kikirudi katikati hakina mwelekeo tena, na trasta itaanza kutetemeka ikitafuta pembe. Agiza ibaki na pembe ya mwisho mpaka kijiti kitoke katikati kwa kiasi cha kuonekana. Tena sevo ya kawaida huzunguka kama digrii 90 hivi. Tafuta sevo ya winchi au uongeze gia.

Sasa nirudi kwenye pantoni yangu. Niligeuza trasta zote digrii 45, zikakaa kama pande za mraba uliosimama kwa pembe yake, nikatumia chaneli tatu. Omo kushoto: mbele, jumlisha kugeuka, jumlisha kando. Omo kulia: mbele, toa kugeuka, toa kando. Tezi kushoto: mbele, jumlisha kugeuka, toa kando. Tezi kulia: mbele, toa kugeuka, jumlisha kando. Kugeuka na kando hapa vinahesabiwa kuelekea kulia. Rimoti yenye programu huria ya EdgeTX inaweza kubeba mistari hiyo yote, na ArduPilot, programu ya bodi ya ndani ya boti, ina mpangilio huohuo tayari. Mimi ningeiweka hesabu ndani ya boti. Ukibadilisha rimoti kesho, boti haitasahau namna ya kwenda.

Angalieni ukomo wa mota. Tuseme umeagiza mbele 100 na kugeuka 40. Upande wa kushoto unataka 140, wa kulia 60. Mota haitoi 140. Itaishia 100, na tofauti iliyokuwa 80 imebaki 40. Boti inagoma kugeuka hasa pale unapokimbilia ukuta. Dawa ni kupunguza pande zote kwa uwiano mmoja: 100 kwa 43. Unapoteza kasi kidogo, usukani unabaki na nguvu zaidi.

Kuhusu nyaya nitasema machache. Vidhibiti kasi vingi hutoa volti 5 kwenye waya mwekundu kwenda risiva. Ukiwa navyo vinne, vinashindana. Acha waya mmoja, mingine itoe kwenye plagi na uifunike vizuri. Risiva hutoa mapigo ya kati ya maikrosekunde 1000 na 2000, na 1500 ndiyo kusimama. Hakikisha kila kidhibiti kinakubali kwamba 1500 ni kusimama kabla hujaitia boti majini.

Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji, kwa hiyo antena iwe juu ya sitaha, kamwe isikae chini ya mstari wa maji. Na kabla ya yote, pangeni risiva ipeleke mota zote kwenye 1500 ishara ikikatika. Jaribuni nchi kavu, boti ikiwa juu ya meza: washa mota, kisha zima rimoti. Zisiposimama, msiende bwawani.

Pantoni ipo kwenye beseni hapo nje, na betri imejaa. Baada ya chai, kila kikundi kije na mtu mmoja aipeleke kando bila kugeuza omo.