Uwanja, ploti na bajeti: mambo matatu, faili moja

Haya ni mazungumzo yetu ya Illasit, nimeyakata vipande ili yasomeke. Kama kawaida yetu: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafungua hoja tu.

1. Mjadala wowote wa mji una sauti tatu. Wa kwanza anasema, "Tubadilishe matumizi ya ardhi, mji ukue." Wa pili anasema, "Watoto hawana pa kucheza." Wa tatu anasema, "Pesa za maendeleo ziko wapi?" Watu wanajigawa makundi matatu na kurushiana maneno mpaka usiku. Kumbe wanaongea jambo moja. Ardhi yote ikishageuzwa maduka, uwanja utatoka wapi? Na uwanja bila bajeti, si ni kichaka?

2. Tuanze na ardhi. Kubadilisha matumizi maana yake ni hii: kilichoandikwa shamba kinaandikwa ploti za makazi, ama kilichoandikwa makazi kinaandikwa biashara. Udongo ni ule ule, bei si ile ile. Hiyo peke yake si dhambi. Sisi tuko mpakani, Tarakea iko hapo tu. Malori ya mahindi na maharagwe yanataka pa kuegesha, mfanyabiashara anataka stoo, mpangaji anataka chumba. Mji usiobadilika hufa.

3. Anayeunga mkono atakwambia italeta ajira na ushuru. Ni kweli, usimbishie. Muulize tu swali moja: bei ya ardhi ikipanda, faida ni ya nani? Na barabara, mifereji na maji taka ya hao watu wapya, gharama ni ya nani? Faida humwendea mwenye ploti, gharama hubaki kwa mlipa kodi. Ndiyo sababu kibali cha kaunti kinaweza kuja na masharti. Kwa hivyo badala ya kuuliza "unakubali ama unakataa?" uliza, "unakubali kwa masharti gani?"

4. Sheria gani? Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Inamtaka anayeomba kibali autangazie umma, na tangazo liwaalike watu kuleta pingamizi. Sasa sikilizeni hapa. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu kwamba amepewa kibali. Yaani kimya cha ofisi ni ndiyo. Na uamuzi ukitolewa, mwenye kulalamika ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi. Siku 14! Wengi wetu tunasikia habari tinga likiwa tayari limefika.

5. Kuna wale husema, "Ardhi ni yangu, hati ninayo, hakuna wa kunipangia." Waangalie Kimana, hapo juu ya barabara yetu. Ranchi ya kikundi ikagawanywa, kila mtu akapata hati yake. Baadaye likaja shamba kubwa la parachichi, na ua, mahali wanyama wanapita kwenda na kurudi Amboseli. Wenye shamba walisema wana hati na wanaleta ajira. Majirani wakasema mpango wa eneo zima hauruhusu kilimo cha aina hiyo pale. Mwaka 2020 mamlaka ya kitaifa ya mazingira ikafuta leseni. Rufaa ikasikizwa, na mwaka 2021 mwenye shamba akashindwa. Hati inakupa shamba, mpango unasema utalitumia vipi. Ukubali ama ukatae uamuzi ule, huo ndio utaratibu, na unamhusu mwenye ekari 100 na mwenye hamsini kwa mia.

6. Lakini mpango peke yake hautoshi. Muulizeni ndugu yetu mkubwa Kitengela. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mradi wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala wasiuze vipande. Baadaye wenye ardhi wenyewe wakashirikiana na halmashauri ya wakati ule kutengeneza mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto. Kazi nzuri sana. Hata hivyo ploti ziliendelea kukatwa, kwa sababu mtu mwenye karo ya shule mkononi hangoji mpango. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela. Leo ukitaka ekari mbili za uwanja katikati ya mji ule, utanunua kwa bei ya soko. Illasit bado tuko na nafasi ya kuiacha ardhi hiyo kabla haijawa na bei hiyo. Nafasi hiyo haitakaa.

7. Sasa uwanja wenyewe. Utasikia, "Watu wanalia maji, nyinyi mnataka bustani?" Hoja hiyo ina uchungu wake, maji ni maji. Lakini haya mambo hayashindani. Jedwali la Nne la Katiba linaweka bustani za kaunti na sehemu za burudani chini ya kaunti, kama linavyoweka mipango ya ardhi. Si hisani ya mtu. Tena kiwanja cha wazi hakina kazi moja. Asubuhi ni cha shule, jioni ni cha mpira, siku ya msiba ama baraza tunakaa hapo. Mama mwenye mtoto mdogo anayeishi chumba kimoja, hapo ndipo sebule yake.

8. Na kiwanja hupotea vipi? Hupotea kwenye karatasi kwanza. Mnakumbuka Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, Januari 2015. Watoto walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umejengwa kwenye uwanja wao. Walipousukuma, wakarushiwa vitoa machozi. Uwanja ulirudi, lakini angalia bei yake: watoto wa shule ya msingi ndio waliosimama mbele. Kwa hivyo swali la kuuliza kuhusu kila kiwanja tunachokiita "cha umma" hapa kwetu ni hili: kimepimwa? Kimesajiliwa kwa jina la nani? "Kila mtu anajua ni chetu" si hati.

9. Tuje kwa pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka, ukiangalia miaka kadhaa pamoja, angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, yaani vitu vya kujengwa na kudumu. Nyingine ni mishahara, dawa, mafuta ya magari na kadhalika. Mwanasiasa anapenda upande wa maendeleo kwa sababu una utepe wa kukata. Lakini kila kitu unachojenga kinazaa gharama upande ule mwingine.

10. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme uwanja unajengwa kwa shilingi milioni 20. Wafanyakazi wanne wa kulinda na kusafisha, 20,000 kila mmoja kwa mwezi, ni 80,000. Maji na taa, weka 40,000. Hiyo ni 120,000 kwa mwezi, milioni 1.44 kwa mwaka, milioni 14.4 kwa miaka kumi. Kama hiyo ya pili haikuandikwa popote, baada ya miaka miwili mtakuwa na lango lenye kufuli, vyoo vimezibwa, na mbuzi ndani. Mwanasiasa akiahidi uwanja, piga makofi, halafu uliza: nani atalipa mlinzi mwaka wa tatu?

11. Mkutano wa bajeti mwezi wa sita ni kama kufika sokoni wakati watu wanafunga. Shikeni kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Kufikia 30 Juni inapitishwa. Mradi usioingia Septemba, kuuingiza Juni ni kazi ya kuomba omba.

12. Kitengela ni manispaa, iko na bodi yake. Sisi Illasit hatuna bodi. Mambo yetu yanaamuliwa Kajiado, mbali na hapa, na watu ambao wengine hawajawahi kulala mji huu. Kwa hivyo sisi tunahitaji karatasi kuliko wao. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua kuomba stakabadhi, na afisa anatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

13. Ombi langu ni dogo. Watu watano: mzee mmoja, mama mmoja wa soko, mwalimu, mtu wa boda, kijana mmoja anayejua simu. Waandike orodha ya kila kiwanja cha wazi hapa mjini. Waandike barua moja kuuliza kimesajiliwa vipi. Barua iende kabla ya mpango wa Septemba. Mgombea yeyote akija na kipaza sauti, wa rangi yoyote, mpeni ile orodha mkononi na mumuulize atasaidia kipi.

14. Siwaambii mkatae maduka, wala siwaambii mkubali. Bishaneni, lakini bishaneni mkiwa na ramani, kibali na bajeti juu ya meza moja. Nakala ya barua nitaiweka hapa chini ikishaandikwa.