Maneno ya Mabaharia na Maana Yake

Kila kazi ina maneno yake. Seremala ana yake, mkulima ana yake, na mabaharia vile vile wana yao. Lakini asiyefahamu maneno ya chomboni aweza kujitia hatarini yeye mwenyewe pamoja na wenzake. Kwa hiyo nataka kueleza machache, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa bara washukao pwani bila ya kuzoea vyombo.

Tuanze na chombo chenyewe. Sehemu ya mbele huitwa omo, na ya nyuma huitwa tezi. Mti mrefu wa chini kabisa, tokea omo hata tezi, ni mkuku. Juu ya mkuku hushikizwa mataruma, yaani mbavu za chombo, na juu ya mataruma hupigiliwa mbao. Nafasi zilizo kati ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo ndiyo kukalafati. Maji yapenyayo hata hivyo hukusanyika chini, mahali paitwapo ngama, na kuyatoa huitwa kufua maji.

Tanga la jahazi halifungwi mlingotini. Hufungwa katika mti mwingine mrefu uitwao foromali, nayo foromali hupandishwa kwa kamba. Kupandisha tanga ni kutweka, na kulishusha ni kutua. Kamba ishikayo pembe ya nyuma ya tanga huitwa demani. Mshika demani hana ruhusa ya kusinzia, kwani upepo ukija kwa ghafula hapana budi ailegeze mara moja.

Sasa nafika penye maneno mawili yapasayo kujulikana kuliko yote. Upande unakotoka upepo ndio joshi. Upande unakokwenda upepo ndio demani, jina lile lile la kamba. Pengine mtu atauliza, kwa nini wasiseme kulia na kushoto? Sababu ni hii: abiria aliyeelekea omo na aliyeelekea tezi hawana mkono wa kulia mmoja, lakini upepo ni mmoja kwa wote. Tuseme upepo umezidi, mashua imelala upande wa demani, na nahodha anaamuru watu waende joshi. Ajuaye huhamia upande ulioinuka, na uzito wake husaidia kuirudisha mashua. Asiyejua huenda akakimbilia demani pamoja na wenzake, na mashua ikapinduka.

Uzito ni jambo kubwa. Chombo kisicho na shehena hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga, ili kisiyumbe. Lakini uzito ukizidi, au ukikaa mahali pasipofaa, ni hatari hata kwa chombo cha mashine. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu nao. Basi mwenye chombo akikuambia kimejaa, usimwombe akupakie, ngoja kingine.

Yako pia maneno ya maji na ya upepo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili karibu kila siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mwendo wa maji ni mdogo, nayo huitwa maji mafu. Chombo kilichoachwa mchangani na maji ya kupwa kimepwelewa, wala hakiondoki hata maji yajae tena.

Upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi tangu Aprili hata Septemba. Zamani majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuja Mombasa na Lamu kwa kaskazi, yakileta tende na mazulia, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga aliweza kukosa upepo, akangoja miezi mingi ugenini. Hivyo kujua pepo kulikuwa ndiyo kujua riziki.

Mabibi na Mabwana, huenda wengi wenu hamtapanda jahazi maishani. Hata hivyo maneno haya mnayasema kila siku. Mambo ya mtu yakiharibika twasema yamekwenda mrama, nao mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbini. Na wazee wa pwani husema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake, mtu azunguke apendavyo, mwisho hurudi alikoanzia.

Siku hizi mashua nyingi zaenda kwa mashine, na vijana wengi hawayasikii tena maneno haya. Basi yafaa tuwaulize wazee wangali hai, tuyaandike, na tuwafunze watoto wetu. Nao waanze na joshi na demani, kwani siku moja neno hilo moja laweza kuwaokoa.