Wanubi wa Kibera: Ushahidi wa Nani?

Leo tunawazungumzia Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi: Waislamu wachache wenye asili ya askari wa Sudan waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha, ambao afisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 kuitumikia kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu ya Afrika Mashariki wakati huo. Wengi wao waliingia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na walipostaafu wakapewa pa kuishi Kibera. Ninachodai ni kwamba anayetafiti historia ya watu wachache hana budi kuupima ushahidi wa wakubwa kwa mizani ileile anayowapimia wanyonge.

Tutazame ardhi. Mwaka 1918 eneo la Kibera la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari mstaafu alipewa pasi ya shamba, karatasi iliyomruhusu kujenga na kulima humo. Kwake yeye na wanawe, hayo yalikuwa malipo ya utumishi. Lakini Tume ya Carter, tume ya kikoloni ya ardhi iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwahesabu kuwa wapangaji wa serikali wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Ukiisoma ripoti hiyo peke yake, utaamini kwamba Wanubi hawakuwahi kuwa na haki yoyote Kibera.

Kuna atakayesema kwamba masimulizi ya wazee wa Kinubi hayaaminiki, kwa kuwa wanaitaka ardhi. Ni kweli wana maslahi, na kumbukumbu inayobebwa kwenye kesi hunolewa kila mwaka. Ila serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na maslahi katika ardhi iliyo karibu na mji unaokua. Basi tutafute mahali ambapo kila upande unakiri jambo lisilousaidia. Tume ileile ilikubali kwamba Wanubi wakihamishwa wanastahili fidia na mahali pengine pa kukaa. Anayedaiwa fidia hawezi kumwita mwenzake mvamizi. Masimulizi ya Kinubi nayo, yanapojivunia utumishi jeshini, yanakiri kwamba babu zao walishiriki kuzitiisha jamii nyingine kwa niaba ya Mwingereza. Mtafiti anayeficha sehemu hiyo ili kuwatetea Wanubi ameacha utafiti, ameshika uwakili.

Wengine huuliza: si hawa ni wageni, historia yao ikatafutwe Sudan? Hapana. Jamii hii ilikulia huku, ikaoana na wenyeji, na Kinubi chake, chenye asili ya Kiarabu, kimekopa maneno mengi ya Kiswahili. Ugeni wao ulidumishwa na sheria: utawala uliowagawia Waafrika maeneo ya makabila yao haukuwatengea wao lolote.

Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa hatimiliki ya ekari 288. Ukilinganisha 288 na 4,197, utaona hati hiyo haifungi mjadala wa historia. Inatuachia kazi ya kueleza, hatua kwa hatua na kwa ushahidi wa pande zote, ekari nyingine zilikwenda wapi na kwa uamuzi wa nani.