Urani ya Shinkolobwe Ni Zao la Galaksi Nzima

Mji wa Likasi, hapa Katanga, umezoea kuuliza madini yake yamekwenda wapi. Leo naomba tuulize yalitoka wapi. Wanajiolojia wametupa nusu ya jibu: maji yenye chumvi nyingi yalipenya miamba ya Katanga, yakabeba shaba, kobalti na urani, yakayarundika mahali pamoja. Lakini kukusanya si kuumba. Joto la chini ya ardhi haliwezi kutengeneza atomi ya kobalti. Nyota inayolipuka inaweza, na Februari 1987 tulishuhudia. Mlipuko ulioonekana katika galaksi ya Wingu Kubwa la Magellan ulififia kwa miezi mingi kwa kadiri ileile ya kuoza kwa kobalti-56, inayopungua nusu kila siku 77. Hata hivyo nakataa kwamba nyota moja iliyolipuka jirani yetu ndiyo iliyotupa utajiri huu. Ni kazi ya galaksi nzima, ya mabilioni ya miaka.

Ushahidi umo katika mawe meusi, mazito, yenye urani, aliyoyagundua Robert Rich Sharp mwaka 1915 huko Shinkolobwe, magharibi mwa mji huu. Dunia huyakumbuka kwa bomu la atomiki la 1945. Mimi nayataka kwa saa iliyomo ndani yake. Katika kila atomi 1,000 za urani, 993 hivi ni urani-238, na 7 tu ni urani-235. Ya kwanza hupungua nusu kila miaka bilioni 4.5, ya pili kila miaka milioni 700. Nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizolipuka, zinapogongana, hesabu za fizikia zaonyesha kwamba aina hizi huzaliwa kwa viwango vinavyokaribiana. Kama urani yote ingezaliwa kwa mkupuo mmoja, kushuka hadi uwiano wa leo kungehitaji miaka bilioni 6 hivi. Jua na Dunia vina bilioni 4.6 tu.

Atakuwepo wa kusema: basi mlipuko mmoja wa kale unatosha, galaksi ya nini? Iodini inakataa. Mwaka 1960 John Reynolds alikuta ndani ya kimondo cha Richardton ziada ya gesi ya zenoni-129, masalio ya iodini-129 inayopungua nusu kila miaka milioni 16 hivi. Kama iodini hiyo, inayozaliwa kwa njia ileile, ingezaliwa siku moja na urani, zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya Jua, isingebaki ya kupimika kimondo kilipoumbwa. Saa hizi mbili hazipatani kwa sababu matukio yalikuwa mengi, ya zamani na ya karibuni, na mabaki yao yalichanganyika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba galaksi ni chombo tu, haifanyi lolote. Tazameni Reticulum II, galaksi ndogo iliyo karibu na yetu. Utafiti uliotolewa 2016 ulikuta nyota zake nyingi zina elementi nzito zinazozaliwa kwa njia moja na urani, dalili ya tukio moja adimu. Lakini kiwango cha chuma katika nyota hizo hakifiki hata sehemu moja ya mia ya kile cha Jua. Uvutano wake hafifu ulishindwa kuishika gesi, na uzazi wa nyota ukakoma mapema. Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa uzito wake, iliirudisha gesi yake katika vizazi vingi vya nyota. Sayari ya Reticulum II, kama ipo, haina Katanga.