Maji Yakikatika Nyuma ya Injini: Kamati Ianzie Wapi?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za boti za sharika za ziwani)



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo moja: namna injini ya kupachika inavyopozwa na maji, na la kufanya maji hayo yanapopungua au kukatika. Wengine mtasema hiyo ni kazi ya fundi. Lakini boti zetu hapa Ziwa Victoria hubeba dawa, chanjo, na akina mama wanaokwenda kujifungua. Gari likiharibika njiani, abiria hushuka wakasubiri kando ya barabara. Injini ikinoki katikati ya ziwa, upepo ndio unaoamua mtakwenda wapi. Na injini zetu nyingi ni za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli, ambazo zimefanya kazi kwa miaka mingi.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Gari lina rejeta. Injini hii haina. Yenyewe hunyonya maji ya ziwa kupitia matundu yenye chujio yaliyoko chini, karibu na propela. Juu ya gia boksi ipo pampu, na ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mapanga, kiitwacho impela. Shafti ya wima inayopeleka nguvu chini kwenye propela ndiyo inayozungusha impela pia. Maji husukumwa juu kwa bomba, huzunguka silinda, kisha hushuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo hutolewa kupitia kitundu cha nyuma ili nahodha aone kwamba pampu inafanya kazi.

Mchirizi huo ni shahidi, lakini ni shahidi wa kuhojiwa. Unaweza kukatika wakati injini inapoa vizuri, kwa kuwa ni kitundu tu kilichoziba. Katika injini nyingine unaweza kutoka kwa nguvu huku injini ikiungua, kwa kuwa maji yamepita pampu lakini hayapati njia ya kuzunguka yote. Ndiyo maana tunafuata utaratibu, tukianza na kile kisichotugharimu shilingi.

Hatua ya kwanza: zima injini na tazama nje

Mchirizi ukikatika, zima injini hapo hapo. Msiseme tufike kwanza kwenye kisiwa kile. Inueni injini mtazame matundu ya kunyonya maji. Mara nyingi mtakuta magugu maji, mfuko wa plastiki, au kipande cha wavu. Ondoeni. Kisha ingizeni waya mwembamba kwenye kitundu cha mchirizi, taratibu, maana mchanga hukwama hapo, na boti ikikaa nchi kavu nyigu hujenga humo kwa udongo. Tazameni pia mizigo. Ikirundikwa yote mbele, nyuma ya boti hunyanyuka na pampu hunyonya hewa.

Washeni tena kwa mwendo mdogo. Maji yasipotoka ndani ya muda mfupi, zimeni. Kupima joto, dondosha matone ya maji juu ya silinda hedi. Yakichemka na kurukaruka, pale pamevuka nyuzi 100, na injini haifai kuendelea. Iacheni ipoe yenyewe. Msiimwagie maji baridi, kwani chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Hatua ya pili: impela

Hii ifanyike ufukweni. Chomoeni kwanza waya za plagi ili injini isije ikawaka mkono wa mtu ukiwa kwenye propela. Fungueni bolti za sehemu ya chini, achanisheni chuma cha gia, mshushe sehemu hiyo pamoja na shafti yake. Pampu itaonekana juu yake.

Impela nzima ina mapanga laini yanayorudi yakikunjwa. Kama yamekakamaa, yamelala upande mmoja au yana nyufa, badilisheni. Kama kipande cha panga kimekatika, kitafuteni mpaka kipatikane, kwa sababu kimepanda na maji na kitaziba njia huko juu. Kagueni nyumba ya pampu na bamba lililo chini yake. Mchanga wa fukwe zetu huchora mifereji humo, na impela mpya ndani ya nyumba iliyolika haitasukuma vizuri.

Wakati wa kurudisha, hakikisheni kile kichuma kidogo kinachoshikanisha impela na shafti kipo mahali pake. Kikikosekana, shafti itazunguka na impela itasimama. Zungusheni shafti kufuata mshale wa saa, ukitazama kutoka juu, huku mkikandamiza nyumba ya pampu, ili mapanga yalale upande sahihi. Bomba la maji nalo liingie sawasawa kwenye mpira wake.

Hatua ya tatu: thamostati na njia za ndani

Kama injini yenu ina thamostati, ifungueni muitumbukize kwenye sufuria ya maji mnayoyapasha moto polepole. Isipofunguka kabisa hata maji yakikaribia kuchemka, imekufa. Ikiwa thamostati ni nzima na pampu ni nzima, lakini joto linaendelea, basi tatizo ni matope ndani ya njia za maji au gasketi ya silinda hedi. Hapo sasa mwiteni fundi, na mmweleze mliyokwisha kukagua, ili asianze upya kwa gharama yenu.

Baada ya matengenezo, jaribuni injini ndani ya pipa la maji, propela ikiwa imetolewa na matundu ya kunyonya yakiwa yamezama kabisa. Msiwashe injini nchi kavu hata kwa sekunde chache. Impela hutegemea maji kama kilainisho chake, na ikizunguka kavu huungua.

Wajibu wa kamati

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila boti iwe na impela ya akiba, waya mwembamba, spana zinazohitajika na makasia. Pili, liwepo daftari linaloonyesha tarehe impela ilipobadilishwa, na ibadilishwe kwa ratiba ya kitabu cha injini, si mpaka ife. Ndugu wafadhili, tukiwaletea bajeti ya injini yenye fungu la vipuri, msilifute. Kipande kile cha mpira ndicho kinacholinda fedha mlizotoa.

La tatu ni gumu zaidi. Nahodha akichelewa, tunamgombeza. Akichelewa mara ya pili, tunamkata posho. Basi siku mchirizi unapokatika, naye amebeba mgonjwa na anajua kamati inamsubiri gatini, ataendelea kukaza mafuta mpaka pistoni ikwame. Hapo tutamlaumu kwa kuua injini, nasi ndio tuliomfundisha kuogopa kuizima. Naomba kila kamati iandike kwenye kumbukumbu zake kwamba nahodha anayezima injini kwa sababu ya maji kukatika hataadhibiwa kwa kuchelewa. Uamuzi huo hauhitaji mfadhili wala fundi, na unaweza kupitishwa katika kikao chenu kijacho.