Mashavu Manono Si Kipimo cha Afya

Sudan Kusini tumezoea kuhofia mtoto anayekonda, lakini unene uliopita kiasi nao ni utapiamlo. Hatari huanza tumboni: mama mwenye kisukari au uzito mkubwa huweza kuzaa mtoto mzito. Kisha huja maziwa ya kopo yaliyokorogwa mazito, uji uliojaa sukari, na soda iliyoshushwa na malori ya barabara ya Nimule, ikatiwa kwenye chupa ili mtoto anyamaze. Mama, mpe maziwa yako pekee kwa miezi 6, kisha endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Akishiba, usimlazimishe. Mpeleke kliniki apimwe uzito pamoja na urefu.