Kupima Damu Mtu Angali Mzima



Mwezi Oktoba 1873 msafara ulioongozwa na Chuma na Susi uliingia Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ukiwa umebeba maiti ya Dakta Livingstone kuipeleka pwani. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwenzao Farijala alipoupasua mwili ili uhifadhiwe kwa chumvi, alikuta upande wa kushoto donge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mkono. Marehemu mwenyewe alikuwa mganga, tena alijua kwamba anaumwa. Lakini lililokuwa ndani lilionekana baada ya kufa. Wapagazi wangapi walizikwa kandokando ya njia ile ya Ujiji na Bagamoyo bila kujulikana walikufa kwa lipi!

Siku hizi damu kidogo ya mtu aliye hai huweza kueleza mengi. Figo, kwa mfano, hazilalamiki. Mkulima aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake naye angali akivuna tumbaku na kukesha akichochea moto wa bani. Miguu inapovimba na chakula kumchukiza, mara nyingi kilichosalia ni kidogo. Kipimo chake ni cha kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Ikizidi katika damu, uchujaji umelegea. Mkojo nao hupimwa, kwani protini huweza kuonekana humo mapema zaidi. Maadui wakubwa wa figo ni kisukari na shinikizo la damu, ambavyo huanza kimya kimya. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, vinavyomezwa kila jioni kwa ajili ya mgongo, navyo vimo.

Ini pia ni kimya. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Kwa hiyo wanachama wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kirusi hiki hukaa mwilini miaka mingi, na mwisho wake huweza kuwa kovu la ini au saratani. Asiye nacho huchanjwa. Aliye nacho hufuatiliwa, na dawa zipo kwa anayezihitaji.

Hata hivyo orodha ndefu ya vipimo si afya, ingawa wauzaji wa vipimo hawapendi kulisema hilo. Mtu mzima akipimwa vitu ishirini, ni rahisi kimoja kitoke nje ya kiwango kwa bahati tu, naye akalipia safari na dawa zisizo na sababu. Makatibu wanaelewa: robota lililosomeka vibaya mizanini hupimwa tena kabla ya mtu kushtakiwa. Kasoro ya figo nayo haiitwi ugonjwa sugu mpaka idumu miezi mitatu. Vipimo vichache vyenye tiba nyuma yake, hasa kwa waliopita miaka arobaini, wenye shinikizo la damu au wenye ndugu waliougua figo, ndivyo vya kutangulizwa.

Mkoa huu si mgeni wa kujiandaa kabla ya kuugua. Ni Igunga ambako Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio mwaka 1996, kabla ya sheria yake ya mwaka 2001. Chama cha msingi kinaweza kupanga siku ya kupima mara baada ya malipo ya tumbaku, fedha zikiwa hazijatawanyika. Katibu na aulize kwanza kituo cha afya ni vipimo vipi hufanyika pale, na vipi humlazimu mwanachama kwenda hospitali ya mkoa ya Kitete. Majibu ni siri ya mwenyewe. Hayaingii katika daftari la chama wala hayasomwi mkutanoni. Kila mmoja atunze cheti chake nyumbani, maana mganga atahitaji kuilinganisha kreatinini ya mwaka ujao na ya mwaka huu.